Kiti cha Dorika Hakikai Wazi

Sehemu ya Tisa

Tulipoachana wiki iliyopita, Dorika alikuwa amepiga magoti mbele ya kitanda cha mdogo wake, anatafuta kanga ya kubebea mtoto. Akavuta begi. Kanga haikuwemo. Kilichodondoka ni kadi ya kliniki.

Na jina juu ya kadi ile halikuwa lake.

Lilikuwa la Nyamizi, mdogo wake.

"Wiki kumi na nne," Dorika akasoma kwa sauti, kama karani anayesoma hukumu.

Akakaa sakafuni. Mwenyewe ana mimba ya miezi minane. Kukaa chini ni kazi, kuinuka ni kazi zaidi, lakini alikaa.

Maana alijua Nyamizi yuko wapi saa hizo. Ni Jumatatu, saa nne asubuhi. Nyamizi yuko dukani kwa Agapiti, amekaa kwenye kiti cha Dorika, anafanya kazi ya Dorika.

Na kazi ya Dorika ni kuchoma dhahabu.

Wewe unayeanza kusoma leo, nikuwekee mambo sawa upesi. Agapiti ananunua dhahabu ya wachimbaji wadogo hapa Ushirombo. Mchimbaji anakuja na donge jeupe, zebaki iliyoshikana na dhahabu. Donge linapigwa moto wa gesi kwenye chumba cha nyuma. Zebaki inapaa, dhahabu ya njano inabaki. Dorika ameifanya kazi hiyo miaka mitano. Halafu nesi Salvina wa kliniki akamwambia neno: mvuke ule hauishii puani kwa mama. Unashuka mpaka kwa mtoto tumboni, na unakwenda kwenye ubongo wake.

Dorika hakulala siku hiyo. Miezi mitatu kabla ya kujifungua akapeleka cheti kwa bosi, kama nesi alivyomwelekeza. Akaomba likizo ya uzazi. Siku themanini na nne, mshahara wake ukiwa palepale.

Agapiti alikataa. Akanuna. Mwisho akakubali kwa sharti moja tu, kwamba atakayekaa kwenye kiti chake atoke nyumbani kwao Dorika.

"Dhahabu haishikwi na mgeni," alisema. "Mtu wako akiniibia, najua mlango wa kugonga."

Dorika akamleta Nyamizi, mdogo wake wa tumbo moja. Leo ni siku ya nne ya likizo.

Kwa mikono yake mwenyewe amemtoa mtoto wake kwenye ule mvuke, akamwingiza wa mdogo wake.

Akapiga simu ya Nyamizi. Imezimwa. Bila shaka imezimwa! Kwa Agapiti simu zote huingia kwenye kopo la maziwa mlangoni, watu wasije wakavujisha bei.

"Jirani! Mama Rhoda!"

"Abee! Uchungu umeanza?"

"Bado. Nakuachia Hosiana. Hajanywa uji. Jiko liko pale chini ya dirisha langu, mkaa umo kwenye debe. Mpikie hapo hapo."

"Na wewe unakwenda wapi na hilo tumbo kama gunia la mpunga?"

"Dukani."

"Si uko likizo wewe?"

Dorika akavaa ndala. Kinywani alikuwa na ladha mbaya, kama mtu aliyelamba sarafu. Leo siku ya tatu. Kichwa nacho kinagonga. Alidhani ni mimba, maana mimba ina vituko vyake.

Hosiana, wa miaka minne, alikuwa amechuchumaa kando ya jiko anakoroga majivu kwa kijiti.

"Toka kwenye majivu, mwanangu."

"Napika ugali, mama."

"Utapika kesho."

Akapanda pikipiki ya Luka wa bodaboda, upande upande, tumbo limekaa mapajani.

"Mama Hosiana, nikuambie mapema," Luka akasema. "Mtoto akitoka njiani, nauli ni ya abiria wawili."

"Endesha, Luka."

"Nacheka tu, mama."

"Mimi sicheki. Endesha!"

Luka akaangalia kwenye kioo, akauona uso wake, akaacha utani mpaka sokoni.

*

Mlango wa duka ulikuwa wazi, umezuiwa na kile chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba, ambacho watu wa semina ya zebaki walikigawa mwaka juzi. Tangu siku hiyo kazi yake ni kuzuia mlango usipigwe na upepo. Wachimbaji wanne walikaa kwenye benchi, viatu vimejaa udongo mwekundu. Agapiti yuko nyuma ya mizani.

"Shikamoo, Baba Rosemary."

"Marahaba, Mama Hosiana. Vipi, likizo imekushinda? Wengine wanaililia, wewe unaikimbia."

"Nyamizi yuko wapi?"

"Yuko chumbani, kazini. Simu yako."

Akamsogezea kopo. Dorika akaitupa simu humo bila kuiangalia, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma.

Umefungwa kwa ndani. Wakati wa kuchoma hufungwa kila siku, kwa ajili ya wezi.

"Nyamizi!"

Hakufunguliwa.

Akaweka sikio kwenye ubao. Akausikia mlio anaoujua kuliko sauti ya mume wake. Vuuuu. Moto wa gesi.

"Nyamizi! Zima! Zima moto!"

Akagonga kwa viganja viwili. Akagonga kwa bega. Benchi zima likasimama.

"Mama Hosiana, unanivunjia mlango!" Agapiti akafoka.

Mlio ukakatika. Komeo likalia. Aliyetoka kwanza si Nyamizi. Alitoka Maige, mchimbaji mrefu wa kutoka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, mkono kifuani.

"We mama, unataka kuniua? Nimedhani tumevamiwa."

Nyuma yake alisimama Nyamizi, kanga imefungwa puani, kiberiti mkononi. Na juu ya sahani, lile donge.

Lilikuwa jeupe bado. Halijaguswa na moto.

Dorika akashika ukuta. Akavuta pumzi ya kwanza tangu nyumbani.

"Hajachoma?"

"Achome wapi!" Maige akasema. "Nusu saa nzima tumefungiwa humo. Anawasha, anazima. Anawasha, anazima. Nimemuuliza, dada, unachoma dhahabu au unatafuta mbu?"

Watu wa benchi wakacheka. Dorika akamvuta mdogo wake mkono, akamtoa mpaka kwenye uwanja wa nyuma, kwenye jua. Akamwonyesha kadi.

"Hii nini?"

Nyamizi akaiangalia, akaangalia pembeni.

"Ya mwenzangu."

"Mwenzako ana jina lako?"

"Watu wanafanana majina, dada."

"Na jina la baba yetu pia wanafanana?"

Midomo ya Nyamizi ikaanza kutetemeka, kama alivyokuwa akifanya zamani akivunja mtungi.

"Kwa nini hukuniambia, Nyamizi? Mimi! Mimi nimekuleta kwenye sumu hii kwa mkono wangu, na wewe umenyamaza!"

"Wewe ndiye uliyesema."

"Nilisema nini?"

"Ile mimba yako ya kwanza ilipoharibika. Ulinikalisha jikoni ukaniambia, mimi niliitangaza, midomo ya watu ikaimaliza. Ukasema, Nyamizi, ukipata yako usiseme. Usimwambie shangazi, usimwambie rafiki, hata mimi dada yako usiniambie. Tumbo litajisema lenyewe." Akafuta machozi na ile kanga ya puani. "Nami nimekutii. Nimekosa nini?"

Maneno yalikuwa ya Dorika, yote, mpaka lile la mwisho. Na yeye mwenyewe alikuwa ameyavunja siku aliyopeleka cheti kwa bosi, akaona hakufa, lakini hakurudi nyumbani kumwambia mdogo wake kwamba mwiko ule unavunjika.

Dada unayesoma, mama unayesoma, nakusihi. Kabla hujampa ndugu yako kiti chako, mkalishe umuulize kilicho tumboni. Na wewe unayeulizwa, sema. Midomo ya watu haiui mtoto kama inavyoua zebaki.

"Twende nyumbani," Dorika akasema.

"Hakuna anayekwenda nyumbani."

Ni Agapiti. Amesimama mlangoni, karatasi mkononi. Anaijua ilipo karatasi ile kama padre anavyojua ilipo misale ya altareni.

"Mama Hosiana, tulikubaliana. Mwenyekiti wa mtaa aligonga muhuri, wewe ukaweka sahihi. Nisome?"

"Baba Rosemary, mtoto huyu ana mimba."

"Pole yake na hongera yake. Nasoma. 'Kiti hakitakaa wazi hata siku moja. Aliyeletwa akiondoka kabla ya siku themanini na nne, mwenye kiti atarudi mwenyewe, ama ajiondoe kazini na likizo ife.'" Akaikunja. "Nina watu wanne kwenye benchi. Leo Jumatatu. Ninyi ni wawili, moto ni mmoja. Chagueni."

"Nesi alisema sheria haimruhusu mwenye mimba kazi ya namna hii."

"Basi mwite nesi aje achome."

Hapo ndipo Dorika alipofanya jambo ambalo hata leo hawezi kulieleza. Alikipokonya kiberiti mkononi mwa Nyamizi, akaingia chumbani, akajishika tumbo kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akafungua gesi.

"Dada!"

"Ondoka. Wa kwangu amebakiza mwezi mmoja. Ameshakomaa. Wa kwako ndio kwanza anaumbwa."

"Dada, hapana! Dada!"

Nyamizi akamrukia mkono. Kiberiti kikaanguka. Wakavutana, matumbo yao yakagusana katikati ya kile chumba cheusi, moja kubwa, moja halijaonekana, gesi ikitoka bure na kunuka. Maige akaruka akafunga mtungi.

"Mnatulipua!" akapiga kelele. "Dhahabu yangu yenyewe ni kidogo, nyie mnataka na roho!"

Mtoto wa Dorika akapiga teke, teke kali, mpaka gauni likainuka na kila mtu akaliona.

Agapiti akatazama pembeni. Ana mabinti watatu huyu bwana.

Na Dorika, macho yakiwa yamejaa maji, akatazama mbele kupitia milango yote miwili mpaka barabarani. Akakiona kile chungu.

"Baba Rosemary. Kile kinachozuia mlango."

"Kimefanya nini?"

"Donge linaingia ndani, mfuniko unakazwa kwa spana, moto unapigwa kwa chini. Zebaki haipai hewani. Inapita kwenye bomba, inashukia kwenye maji, unaikusanya."

"Najua. Nilikaa semina siku mbili, nikala na wali wao. Wachimbaji hawakitaki."

"Hatukitaki," Maige akaitikia, na benchi likaitikia naye. "Dhahabu yangu iingie gizani, sijui kinachoendelea humo? Mchimbaji lazima aone. Tangu jeupe mpaka njano, jicho halitoki. Nikigeuka kidogo tu, nusu imeenda."

Ndivyo ilivyo huku. Mtu atavuta sumu miaka kumi, lakini asifichwe dhahabu yake dakika kumi.

Dorika akamgeukia.

"Maige, mama yako yuko wapi?"

"Yuko Nyahanga."

"Angekuwa ni yeye humu ndani, na wewe uko tumboni, ungesema jicho lisitoke?"

Maige akakuna shingo.

"Weka wewe donge kwa mkono wako," Dorika akasema. "Kaza wewe. Spana ishike wewe. Moto ukizimwa, ufungue wewe. Nani atakuibia kwenye chungu kilichofungwa na wewe?"

"Na atakayepiga moto ni nani?" Agapiti akauliza.

"Wewe, bosi. Hapo uwanjani, kwenye upepo. Wewe huna mimba."

Benchi likapasuka kwa kicheko. Mmoja akasema, "Na lile tumbo lake je?" Wakacheka zaidi. Agapiti akafura shingo, akafungua mdomo kutukana.

"Bosi," Maige akawahi. "Choma. Ama nipande gari, nikauze Kahama."

Agapiti akalimeza lile tusi. Mteja akienda Kahama, benchi zima litamfuata.

"Na kiti?" akauliza, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Karatasi inasema kiti hakikai wazi."

Dorika akaingia chumbani. Akakishika kiti chake cha miaka mitano, kile chenye mguu uliofungwa waya, akakiburuta mpaka mbele dukani, akakiweka nyuma ya mizani.

"Kaa, Nyamizi."

Nyamizi akakaa.

"Hakiko wazi," Dorika akasema. "Atapima, ataandika, atapokea simu kwenye kopo. Chumba cha nyuma hakanyagi. Siku themanini na nne nitahesabu mimi mwenyewe. Umekubali, hujakubali?"

Agapiti alikitazama kiti, akawatazama wateja, akaenda mlangoni. Akainama. Akakiinua kile chungu, akakipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake.

Mlango ukajipiga kwa upepo. *Pwaa!*

Ndivyo Dorika alivyoshinda.

*

Angeondoka saa ile ile, angeondoka na furaha yake. Lakini alipomwinamia mdogo wake kumuaga, aliukuta uso wake mweupe kama lile donge.

"Sasa unalia nini? Yamekwisha."

"Dada." Sauti ilikuwa ndogo. "Siku zote hizi humu ndani sikuchoma. Siku tatu zote."

"Nimeona. Mungu akubariki kwa woga wako."

"Hapana, sikiliza. Wachimbaji nilikuwa nawaambia gesi mbovu, waje kesho. Lakini kuna madonge ambayo bosi alikuwa ameshayanunua mabichi, kwa wale akina mama wanaoosha mchanga. Yale hayana mtu wa kuyaangalia. Jioni bosi anataka kuona dhahabu."

"Haya. Yakawaje?"

"Nesi Salvina aliniambia, ole wangu nikae kwenye chumba kilichofungwa na mvuke ule. Ndani usikae, aliniambia. Ndani ni hatari. Basi sikukaa ndani. Niliyabeba. Nikayachoma nje, kwenye hewa."

"Nje wapi?"

"Nyumbani."

Dorika akahisi ile ladha ya sarafu ikimpanda tena ulimini.

"Nyumbani wapi, Nyamizi?"

"Kwenye jiko letu. Mchana nikija kula. Nilikuwa nasimama upande ule unaotoka upepo, mvuke uende kule."

"Kule ndiko kwenye dirisha langu."

"Ulikuwa umelala, dada. Dirisha nilidhani umefunga."

Hakuwa amefunga. Kwa joto hili, nani anafunga? Siku tatu za likizo yake, siku tatu za kumpumzisha mtoto, alikuwa amelala chali chini ya dirisha lililo wazi, akivuta kitu kisicho na harufu.

"Na leo?" Hakuitambua sauti yake mwenyewe.

"Leo asubuhi nilitaka kumalizia moja la mwisho kabla hujaamka. Kubwa, hivi." Akaonyesha kidole gumba. "Mara nikasikia mlango wako. Nikaogopa. Nikalifukia."

"Wapi?"

"Kwenye majivu."

"Majivu ya wapi?"

"Ya jiko, dada. Lile lile. Nilijua hatuwashi mpaka mchana."

Ndani ya kopo la maziwa simu ikaanza kuita, ikitetemesha bati. Agapiti akachungulia kutoka uwanjani, kiberiti mkononi.

"Ya nani hiyo? Pokea!"

Dorika alichomeka mkono, akaitoa. Mama Rhoda.

"Mama Hosiana!" Sauti ya jirani ilikuwa na furaha tele. "Nimekupigia usiwe na wasiwasi huko. Jiko lako lilikuwa gumu kushika, lakini sasa moto umekolea. Tena huyu mwanao ana akili! Amechuchumaa hapa hapa mdomoni mwa jiko, ndiye anayenipulizia."

"Mtoe!" Dorika akapiga ukelele. "Mama Rhoda, mtoe hapo! Mtoe mtoto!"

"Ati? Sikusikii, kuna kelele huko kwenu. Hebu subiri kidogo, jirani, usikate. Hosiana anakohoa."